Ndiva Haijisafishi

Mbonea Kiangi hakuwa na mke. Alimzika mwaka mmoja kabla ya Kufungwa kwa msitu. Hakuwa na mtoto aliyebaki milimani. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne, ingawa vitabu vyote vya kidato cha nne alivisoma katika madarasa ya jioni, akavirudia peke yake mpaka kurasa zikalegea. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na redio wala mbwa, kwa kuwa vyote viwili hupiga kelele. Hakuwa na ruhusa ya kuokota kuni iliyoanguka yenyewe, wala kung'oa gugu, wala kupanda mbegu. Hakuwa na jirani. Akijikwaa hakuwa na wa kumwambia pole, na akipiga chafya alijiombea afya mwenyewe, kwa sauti, kama mtu mwenye adabu.

Msitu alikuwa nao. Ngonji, ekari elfu mbili na mia tatu za ukungu na miti mirefu ya mikulo juu ya kijiji cha Mvungwe, milima ya Upare. Alikuwa nao kwa sababu ya kikuku cha chuma kilichofungwa kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto.

Asubuhi hiyo ya Jumanne alipita chini ya miti akisikia masikio yakilia. Masikio yalikuwa vidude vyeusi, visivyozidi punje ya mahindi, vilivyopachikwa kwenye magome kila baada ya hatua kumi. Vilikula mwanga uliochujwa na majani, vikasikiliza. Mdudu akitafuna, vilisikia. Tone likigonga jiwe, vilisikia. Yote yalipelekwa mjini kwa Mizani, mashine iliyoupima msitu kama tabibu anavyompima mgonjwa: leo afadhali, leo kazidiwa. Mtu wa Mvungwe akivuka mstari wa mawe meupe uliouzunguka msitu, Mizani ilijua kabla hajaweka mguu wa pili, na kijiji kizima kilikatiwa maji ya bomba kwa siku saba.

Mlinzi peke yake hakuhesabiwa. Kila alipopita, sikio lilitoa mlio mdogo, *tii*, maana yake: kikuku kimesomeka, huyu hayupo. Chochote kilichosikika ndani ya hatua kumi na mbili kutoka alipo Mbonea kilitolewa kwenye hesabu. Nyayo zake zilitolewa, kikohozi chake kilitolewa, na ndege aliyeruka kwa kumwogopa naye alitolewa.

Alipofika kwenye mkulo wenye shimo, aliingiza mkono akatoa jembe.

Ndiva ilikuwa mbele yake. Wazee wa Upare walijenga mabwawa ya namna hiyo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi karne nyingi kabla ya mashine yoyote, ili wayakinge maji ya mlimani na kuyafungulia mashamba kwa zamu. Ndiva ya Ngonji ilikuwa ya juu kuliko zote. Chini yake palikuwa na bwawa la matete walimoishi vyura wadogo wa njano ambao Mvungwe waliwaita vikengele, kwa kuwa sauti yao ni kama kengele za mbuzi kwa mbali. Tope likijaa ndivani, maji huruka ukingo, hujichimbia korongo pembeni, na matete hukauka. Kila Mpare anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Ndiyo sababu palikuwa na msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Watu huzoa tope, huimba, hutaniana, na kazi ikiisha hula makande juu ya mawe, watoto wakiteleza mteremkoni kwa magome ya migomba.

Mbonea alivua viatu. Alisimama ukingoni akaita kwa sauti kubwa:

"Nyumba ya Sengasu!"

Akajibu mwenyewe, kwa sauti nzito: "Tupo!"

"Nyumba ya Yonazi!"

"Yupo! Anafunga mbuzi, anakuja!"

"Huyo mbuzi wake ana kamba ya maili ngapi? Kila msaragambo anafungwa! Nyumba ya Mama Namcharo!"

"Tupo wawili!"

Aliita nyumba sitini na tatu. Yonazi alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, na watu wa nyumba kumi na moja walikuwa wamehamia mjini, lakini aliwaitikia wote. Alipofika nyumba ya Kiangi, yaani yake, aliingia majini na kuanza kuchimba.

Alikuwa akifanya hivyo kila Jumanne kwa miaka tisa. Mwaka wa kwanza alijiambia ni mara moja tu, tope lilikuwa limefika mdomoni mwa tundu la kutolea maji. Angewezaje kukaa kwenye kigoda akitazama ndiva ikifa, mtu aliyezaliwa na watu wa ndiva? Na masikio hayakusikia kitu. Jembe lilizama topeni ndani ya zile hatua kumi na mbili, na kwa Mizani halikuzama popote.

---

Daktari Kokuhirwa, msimamizi wa misitu iliyofungwa, alifika siku hiyohiyo saa nane, kwa kigari cha umeme kilichopanda mlima bila kunguruma. Nyumba ya mlinzi ilijengwa juu ya mstari wa mawe meupe, nusu ya baraza ikiwa ndani ya msitu na nusu nje. Mgeni alikaa nusu ya nje.

"Hodi, mzee."

"Karibu, Daktari. Kigoda hicho ni cha upande wenu."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenyeji wa Bukoba, mwenye kicheko cha karibu. Alitoa kopo kwenye mkoba, akalisukuma kuvuka mstari kwa fimbo, kama sheria ilivyotaka.

"Senene. Mama yangu kanipa nikupe wewe mwenyewe."

Mbonea alifungua, akachungulia. "Hawa panzi?"

"Mzee, usiwaite panzi! Utanigombanisha na ukoo mzima."

"Basi mwambie mama nimeshukuru. Nitawala nikishapata ushujaa."

Daktari alicheka, kisha akakunjua karatasi, na macho yake yakang'aa kama ya binti aliyefaulu mtihani.

"Ngonji imepona, mzee. Vikengele wameongezeka mara sita. Matete yamepanuka. Hakuna msitu wowote wa milimani uliofikia hapo, na tumejaribu kila mbinu. Bodi ya misitu imekubali: Kufungwa kunaongezwa miaka thelathini, na misitu mingine arobaini inafungwa kwa mfano wa Ngonji. Sita ni ya hapahapa Upare."

"Miaka thelathini," Mbonea alisema.

"Na kazi hii ni yako."

"Kazi gani?"

"Ya kutofanya kitu. Unadhani ni rahisi? Nimeshawahi kuwa na walinzi ishirini na sita. Kila mmoja aliotesha mchicha."

Mbonea aliweka viganja vyake chini ya mapaja. Sugu za mpini zilikuwa ngumu kama pembe, na hakutaka zionekane.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu alisoma: "Imebainika pia kuwa mabwawa ya jadi, kama vile ndiva, hujisafisha yenyewe pale binadamu anapoondoka."

"Soma tena hapo."

Alisoma tena.

"Nani kasema?"

"Mizani. Kina cha maji hakijapungua kwa miaka tisa, na hakuna mtu aliyeingia. Kwa hiyo..."

"Hiyo Mizani ina jembe?"

Daktari alidhani ni utani, akacheka mpaka akashika magoti. Mbonea hakucheka. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi: kukamatwa, kuzeeka, kufa peke yake na kugunduliwa na masikio kwa kukosekana kwa mlio. Hakuwa amejiandaa kusikia kwamba kazi ya mikono yake, na ya babu zake, ilifanywa na maji yenyewe. Shavu lilimwaka kama aliyepigwa kofi mbele ya wakwe.

"Na hizo ndiva za misitu sita," aliuliza polepole, "wenyewe bado wanazisafisha?"

"Wanazitumia, ndiyo, kumwagilia tangawizi. Wameshaambiwa waache. Zitajisafisha."

Ukungu ulikuwa unashuka. Daktari alitoa bahasha, karatasi tupu, kijiti cha lakiri nyekundu, na karatasi nyingine yenye mistari mitatu iliyokwisha kuchapwa. Katika nyakati hizo mashine ziliweza kutengeneza sauti ya mtu, picha yake, hata machozi yake, kwa dakika moja. Sheria ilikuwa imebaki kuamini kitu kimoja: wino wa mkono wa mtu kwenye karatasi, na alama ya dole gumba lake kwenye lakiri.

"Nakili haya kwa mkono wako, mzee. Bila ushahidi wa mlinzi, bodi haiwezi kutia saini. Kipanga cha posta kitapita Ijumaa saa nne asubuhi."

Mbonea alisoma. *Mimi, mlinzi wa Ngonji, nathibitisha kuwa kwa miaka tisa sikukata, sikupanda, sikuchimba, wala sikuhamisha kitu chochote.*

"Na mlinzi aliyegusa?"

"Takwimu zake zote hutupwa. Yeye hukatwa kikuku na haingii tena maisha yake yote. Ukurasa wa nne wa mkataba."

"Naukumbuka ukurasa wa nne. Na hayo yanayotolewa kwenye hesabu, ya karibu na mlinzi, huenda wapi?"

"Yanafungiwa ghalani. Hakuna anayeyasikiliza mpaka mlinzi mwenyewe aandike kuwa anaruhusu. Ni faragha yako." Alimtazama. "Mbona unauliza?"

"Nimezoea kusoma kitabu mpaka jalada la nyuma."

Daktari alisimama, akafunga mkoba, lakini hakuondoka. Aliutazama msitu kwa muda, kutoka upande wake wa mstari.

"Kuna msitu mmoja tuliufungua mapema, kwa huruma," alisema. "Niliahidiwa kila kitu na wenyeji. Miezi miwili baadaye nilihesabu tanuri za mkaa kumi na tisa. Nilikaa chini nikalia, mzee, mbele ya dereva. Ndiyo maana nakupenda wewe na Ngonji yako."

Kigari kiliteremka. Mbonea alibaki na kopo la senene mapajani. Alikula mmoja. Hakuwa mbaya.

---

Jumatano dada yake, Nakiete, alipanda mpaka kwenye mawe meupe kama alivyofanya kila wiki. Alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano, mnene, mwenye pumzi fupi na maneno marefu. Alikaa juu ya mzizi hatua tatu nje ya mstari, akausukuma mfuko wa makande ndani kwa mti.

"Kula, kaka. Ingawa nasikia miti haili makande."

"Nani mti?"

"Mvungwe wanasema Mbonea kaota magome. Juzi mtoto wa Sengasu kaniuliza kama ni kweli ukikatwa unatoa utomvu."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ukikatwa unatoa maelezo."

Mbonea alicheka, mdomo umejaa maharage. Kisha Nakiete akabadilika sauti.

"Jana niliingia Ukumbini."

Ukumbi wa Kivuli ulijengwa kijijini mwaka wa Kufungwa, ili watu wasikose msitu wao. Kuta zake zote zilionyesha Ngonji kama ilivyo saa hiyohiyo, na mabomba yalileta ubaridi wake na harufu ya majani yaliyooza. Mwaka wa kwanza watu walijaa. Mwaka wa pili walikuja na wageni tu.

"Nilikuwa mimi na kuku wa Sengasu. Wakaonyesha lile jiwe chini ya mkulo wa ukingoni, nilipokaa siku uliponiletea posa ya marehemu shemeji yako. Nikanyoosha mkono. Nikashika ukuta." Alijipangusa pua kwa upande wa kanga. "Nina miaka sitini na minane, kaka. Sitaki kuonyeshwa jiwe. Nataka kulikalia."

Mbonea aliweka makande chini. Hakuwa amepanga kusema, ila alikuwa amekaa na lile neno siku nzima, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumpa. Alimwambia yote: jembe, Jumanne, taarifa ya Daktari, misitu arobaini, karatasi yenye mistari mitatu. Alimwambia hata kuhusu kuita majina.

Nakiete aliitazama mikono yake yenye sugu.

"Na nyumba yangu uliiitikia?"

"Kila mara."

"Ulisema nini?"

"Nilisema yupo, mdomo wake umetangulia."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika kama kamba, na alipoinua uso ulikuwa na hasira.

"Miaka tisa! Sisi tumekaa kule chini tukiamini ndiva yetu imekufa, tukiogopa hata kuitaja. Mama Namcharo alikufa akiuliza maji yamefika wapi. Na wewe ulikuwa humo, unafanya kazi yetu peke yako, unaifurahia!"

"Sikuifurahia."

"Uliifurahia! Nakujua. Wewe kuliko watu mia wafanye kitu vibaya, heri ukifanye peke yako vizuri. Tangu utoto."

Ilikuwa kweli.

"Ningesema mwaka wa kwanza," alisema Mbonea, "ningetolewa mwaka wa kwanza. Tope lingejaa."

"Na sasa?"

"Sasa nikisema, natolewa. Sitaingia tena. Nisiposema, Ngonji inafungwa miaka thelathini, na vijiji sita vinakaa kusubiri ndiva zijisafishe." Alisogea karibu na mstari. "Lakini nikisema, wakafungua, watu wetu watakuja na nini, Nakiete? Usinidanganye."

Nakiete alichuma jani la nyasi, akalichana katikati.

"Wengine watakuja na jembe. Kiondo wangu ana msumeno wa betri chini ya kitanda. Nimeuona nikifagia. Ndiyo ukweli."

"Mwanao?"

"Mpwa wako. Na asifanyeje, ndugu yangu? Wewe ulikuwa unashika mwisho wa juu wa msumeno, na Yonazi wa chini. Mwaka ule miti mia mbili na kumi na moja. Kijiji kizima tulijengea."

Mbonea aliyakumbuka mavumbi ya mbao yakimwingia kifuani. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mtu mzima mwenye akili zake. Mkulo ulipoanguka, ardhi ilitetemeka mpaka magotini, na hakuna aliyetokea kuuliza.

"Hakuna aliyetukamata," alisema.

"Nani angewakamata? Bomba lilikuwa limekuja. Msaragambo ulikuwa umekufa miaka miwili. Huku juu hapakuwa na mtu."

"Zamani tusingethubutu."

"Zamani ungekutana na mama yetu njiani anakwenda ndivani, na angekuuliza msumeno huo ni wa kuchimbia nini." Aliinuka kwa kujishika magoti. "Mimi sijasoma usiku kama wewe. Ila najua Ngonji haikukatwa na waliokuwa wakija. Ilikatwa baada ya watu kuacha kuja."

Alichukua mti wake, akavuta mfuko mtupu upande wa nje.

"Wiki ijayo nipike nini?" aliuliza, bila kumtazama.

"Makande."

"Ukiwa ndani au ukiwa nje?"

"Makande ni makande, mdogo wangu."

---

Ijumaa aliamka alfajiri, akaoga, akavaa shati lenye kola. Aliweka karatasi mezani, upande wa ndani wa baraza, na kalamu ya wino aliyoihifadhi kwenye soksi.

Alianza kunakili ile mistari mitatu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi zilizolala kidogo kulia, na aliujua uzuri wake. *Sikukata.* Kweli. *Sikupanda.* Kweli. Alipofika kwenye neno la tatu, kalamu ilibaki juu ya karatasi. Vikengele walikuwa wakiimba bondeni. Akisaini, angesikia sauti hiyo kila asubuhi mpaka atakapokufa. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu asiye na kitu kingine cha kusikia. Alimfikiria Daktari akikaa chini mbele ya dereva, akihesabu tanuri. Alimfikiria Kiondo, ambaye alimbeba mgongoni akiwa na surua. Kisha akafikiria mzee wa mlima mwingine, mtu asiyemjua, akikaa kwenye ukingo wa ndiva yake na jembe mkononi, akiambiwa na kijana mwenye mashine: acha, mzee, itajisafisha, na yule mzee, kwa heshima ya elimu, akiliweka jembe chini.

Aliikunja karatasi ile mara nne, akaiingiza chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Akachukua nyingine.

*Kwa Daktari Kokuhirwa, mkononi. Nakala kwa bodi.*

*Daktari, nilichimba. Kila Jumanne kwa miaka tisa nimezoa tope la ndiva ya Ngonji kwa jembe na karai. Nimeandika idadi: makarai elfu kumi na moja na mia saba, kasoro wiki tatu nilizougua. Mizani haikunisikia kwa sababu mliifundisha isinisikie. Si kosa lake. Ni kosa langu kunyamaza, na kosa lenu kutouliza.*

*Ndiva haijisafishi. Waambie wale wa misitu sita leo, kabla ya barua nyingine yoyote, waendelee kuchimba. Misimu michache ya mvua inatosha kuua mfereji wa miaka mia tatu.*

*Ili usiniamini kwa maneno, naruhusu ghala lifunguliwe na yote yaliyotolewa karibu nami yasikilizwe. Mtasikia jembe.*

Hapa alisimama. Wangesikia na mengine. Wangesikia "nyumba ya Sengasu" na "tupo." Wangemsikia akicheka utani wake mwenyewe, wangesikia zile asubuhi alizoongea na marehemu mkewe kuhusu chumvi. Vijana wenye vipokea sauti masikioni, katika chumba chenye ubaridi, wangetazamana. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele. Alichovya kalamu, akaongeza: *Mtasikia pia mzee akijisemea. Hilo halihusiani na takwimu. Nawaomba adabu.*

Kisha akaandika sehemu ngumu.

*Sisemi mfungue. Mimi mwenyewe nilikata miti hapa, na kijijini kwetu leo ipo misumeno. Ulichokiona kwenye ule msitu wa mkaa ni kweli, na kitatokea tena mkifungua mlango tu na kuondoka. Ninachosema ni hiki. Mtu wa Mvungwe aingie siku ya kazi, kwa jina la nyumba yake, akiwa na jembe, baragumu likiwa limelia. Kazi ikiisha akae, ale, watoto wake wateleze, azeeke akiijua njia. Asiyekuja kazini asije siku nyingine. Wanaokuja ndio watakaomwona mwenye msumeno. Hakuna mtu aliyewahi kuyaonea haya masikio yenu, jirani huonewa haya.*

*Huenda nimekosea. Huenda watakata. Kama watakata, jina langu liandikwe hapo pia.*

*Najua ukurasa wa nne. Njooni mkikate kikuku.*

Alitia saini kwa jina lake lote, akasubiri wino ukauke bila kuupuliza. Aliisoma barua mara moja, akasahihisha nukta moja, akaiingiza kwenye bahasha. Alikishikilia kijiti cha lakiri juu ya kaa la moto mpaka tone jekundu likadondoka kwenye mkunjo, na kabla halijapoa akakandamiza dole gumba. Lilimuunguza. Alilishikilia hapohapo, akihesabu mpaka kumi.

Saa nne kasoro dakika mbili mngurumo mdogo ulisikika kutoka upande wa Same. Kipanga cha posta kilitokeza kwenye ukungu, chombo cha kijivu kisichozidi ukubwa wa kuku wa kienyeji, kikatua juu ya jiwe bapa nje ya baraza na kufungua tumbo. Mbonea alivuka mstari wa mawe meupe. Hakuwa amekanyaga upande ule kwa muda mrefu, na udongo wake ulikuwa mkavu zaidi kuliko alivyoukumbuka.

Aliiweka bahasha.

Kipanga kiliipima, kikasoma dole lake kwenye lakiri. "Barua ikishapokelewa haitarudishwa," kilisema kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. "Uichukue sasa, au uniache niende."

"Nenda," alisema Mbonea, akarudi nyuma hatua tatu ili mapanga yake ya kuzunguka yapate nafasi.